Visu Arobaini kwa Tarehe Iliyoandikwa: Mwongozo wa Kiwanda Kidogo cha Mhunzi Mjini Lubumbashi

Kisu cha jikoni kilichofuliwa kwa mkono huchukua saa chache tu za kazi yenyewe, tangu chuma kinapoingia motoni hadi mpini unapopakwa mafuta. Hata hivyo, oda ya visu arobaini, ambayo kwa hesabu hiyo ingemalizika katika wiki mbili, huweza kukaa kiwandani miezi miwili. Siku zinazozidi hazipotei nyundo ikiwa mkononi. Hupotea visu vikiwa vimelala: vinangoja umeme urudi, vinangoja mkaa mkavu, vinangoja gundi ikauke, au vinafanywa upya kwa sababu ufa uliokuwamo tangu siku ya kwanza umeonekana siku ya mwisho. Kisu kinachokataliwa baada ya kutiwa mpini kimekwisha kula mkaa, saa za grenda, ubao na ribiti, na badala yake kingine hulazimika kuanza mwisho wa foleni. Kwa hiyo katika kiwanda cha watu watatu au wanne, kuchelewa na ubora hafifu hutibiwa pamoja, na dawa kubwa ni kukagua mapema, kabla kisu hakijagharimu kitu.

Komuni ya Kenya, mojawapo ya komuni saba za Lubumbashi, ina karibu kila kitu anachohitaji mhunzi: soko lenye wanunuzi wa kila siku, gereji zinazotupa vyuma, maseremala wenye masalio ya mbao, na wauzaji wa mkaa, au makala kama wasemavyo wenyeji. Malori ya shaba na kobalti yanayopita kati ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa huchosha springi zake haraka, na springi iliyovunjika ni mali ghafi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa kwa kilo. Ufundi wenyewe si mgeni Katanga. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1957, yalitoa vifaa vya chuma na vya shaba vya takriban miaka elfu moja iliyopita, na masimulizi ya Waluba humtaja Kalala Ilunga kuwa shujaa aliyeeneza uhunzi ulio bora. Kigeni kwa mhunzi ni oda ya mgahawa au ya duka: visu arobaini vinavyofanana, kwa tarehe iliyoandikwa.

Chuma

Springi ya lori kwa kawaida ni feleji yenye kaboni kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromi au silikoni kidogo. Kaboni hiyo inatosha kukipa kisu makali yanayodumu. Nondo ya ujenzi mara nyingi haifiki hata nusu ya kiwango hicho. Kisu cha nondo hupendeza kikiwa mezani kwa muuzaji, kisha hulegea baada ya siku chache za kumenya mihogo.

Tofauti ya vyuma hivi huonekana kwenye grenda. Chuma chenye kaboni kidogo hutoa cheche ndefu zilizonyooka, na cha springi hutoa cheche zinazopasuka njiani na kuchanua. Kiwanda huweka ukutani kipande cha springi kinachojulikana na kipande cha nondo, na kila chuma kipya hulinganishwa na hivyo viwili kabla ya kulipiwa. Jaribio hili humalizika kabla muuzaji hajamaliza kutaja bei.

Cheche, hata hivyo, hazionyeshi kasoro kubwa ya springi iliyotumika, yaani uchovu. Bapa lililopindishwa na kunyooshwa mara nyingi mno kwenye barabara mbovu huota nyufa nyembamba sana, hasa kuzunguka tundu la boliti ya katikati na mahali lilipokuwa likisuguana na bapa jirani. Ufa huo hauonekani kwa macho kwa sababu umefunikwa na kutu na grisi, lakini ukitiwa katika mafuta ya kuzimia hufunguka ghafla. Njia ya kuufichua ni ya bei ndogo. Bapa husuguliwa kwa msasa hadi ling'ae, hulazwa katika mafuta ya taa kwa muda wa nusu saa au zaidi, hufutwa likawa kavu kabisa, kisha hupakwa chaki iliyosagwa na kuachwa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Sehemu yenye mstari hukatwa na kutupwa. Sehemu ya tundu la katikati hutupwa hata kama haina mstari, kwa kuwa uchache wa chuma kinachookolewa pale haulingani na hatari yake.

Kila springi inayopita hupewa herufi, na herufi hiyo hugongwa kwenye msuka wa kila kisu kinachotoka humo, pamoja na namba ya wiki. Alama kama hizi zina historia ndefu. Sheffield, Uingereza, chama cha mafundi visu kilichoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1624 kilikuwa na daftari la alama za mafundi wake ili kisu kibaya kimrudie aliyekifua. Kwa kiwanda cha uani faida ni ya karibu zaidi. Springi mbili zinazofanana kwa macho huweza kuwa feleji tofauti, na bila alama haijulikani ipi iliyoharibu kazi.

Kabla springi haijakatwa vipande vya visu, kipande kidogo cha majaribio hupitishwa katika hatua zote za moto, kisha huvunjwa kwenye jiliwa, kwa kitambaa kilichofunika ili vipande visiruke. Mahali palipovunjika huonyesha punje za chuma. Zikiwa laini na za kijivu, kazi iendelee. Zikimeta kama sukari, moto ulizidi au chuma hakikutulizwa, na ni afadhali kulijua hilo kwa kipande cha urefu wa kidole kuliko kwa visu ishirini.

Moto

Hasara nyingi za uhunzi wa visu hutokea katika dakika chache za kuzima chuma, na ndizo hasara zinazoepukika kwa gharama ndogo zaidi. Kisu kilichokwisha kufuliwa hupashwa moto hadi kiache kushikwa na sumaku, kisha hupashwa zaidi kidogo, na kuachwa kipoe chenyewe hewani. Zoezi hilo hurudiwa mara tatu. Kutuliza huku huondoa mvutano ulioachwa na nyundo na kuzifanya punje kuwa ndogo. Mafundi wenye haraka hukuruka, na ndipo visu vinapotoka kwenye mafuta vikiwa vimepinda.

Unene wa upande wa makali usipungue milimita moja, na ni salama zaidi ukiwa milimita moja na nusu. Makali yaliyokonda mapema hupasuka au hujikunja yanapozimwa. Kisu kipimwe kwa kipimo cha bati kilichokatwa pengo la unene huo: kikipenya, kimekonda mno na kirudishwe.

Sumaku huacha kushika chuma kwenye nyuzi 770 hivi za selsiasi. Feleji ya springi huhitaji kufika kati ya nyuzi 815 na 845 kabla ya kuzimwa, kiasi cha wekundu mmoja zaidi baada ya sumaku kuachia. Wekundu huo hausomeki juani. Tanuri lililojengwa uani hukingwa kwa paa na kuta za mabati upande wa magharibi, au kazi ya kuzima hupangwa jioni. Mkaa wa mvua nao hudanganya kwa moshi na moto usio sawa. Kwa Lubumbashi, ambako mvua hunyesha kati ya Novemba na Machi au Aprili, na ambako matope humzuia muuzaji wa mkaa kufika, mifuko ya akiba hununuliwa Septemba na kuwekwa juu ya mbao, si sakafuni.

Springi huzimwa katika mafuta, maji huipasua. Mafuta ya kula yanafaa kuliko mafuta machafu ya injini, ambayo hutoa moshi wenye sumu na hubadilika tabia kutoka dumu moja hadi jingine. Hupashwa kwanza hadi nyuzi 50 au 60, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na hupoza chuma polepole. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inapouma, sharti hili husahaulika na visu hutoka laini. Chombo chembamba na kirefu chenye lita 15 hadi 20 kinatosha kwa zamu moja. Kisu huingia kwa ncha, wima, na husogezwa mbele na nyuma kufuata makali, kamwe si ubavu kwa ubavu. Mfuniko wa chuma uwe karibu, kwa maana mafuta yakishika moto maji hayafai.

Mara kisu kinapopoa, tupa hupitishwa kwenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, kisu kimeshika ugumu. Iking'ata, kinarudi kwenye tanuri siku hiyohiyo, kabla hakijachanganyika na vizuri. Kisu kilichopita bado ni kigumu mno, na kikianguka sakafuni chaweza kuvunjika vipande viwili. Ndani ya saa moja huingizwa katika joto la nyuzi 200 hivi, saa nzima, kikatolewa kikapoa, kikarudishwa saa nyingine. Oveni ya umeme hufanya kazi hii vizuri. Umeme usipokuwapo, sanduku la chuma lililojaa mchanga juu ya makaa ya pembeni hutosha, mradi kipimajoto cha oveni kiwe kimefukiwa humo. Kisu kimoja husuguliwa kiwe cheupe ili rangi isomwe: manjano hafifu ni sawa kwa kisu cha jikoni, kahawia ni ya kisu kinachopigwa kwenye mifupa, na buluu ni ya panga.

Hapa ndipo ukaguzi mkuu unapowekwa. Kila kisu hutazamwa kwa kukilinganisha na ubao ulionyooka, hujaribiwa tena kwa mafuta ya taa na chaki, kisha huandikwa: kimepita au hakikupita. Vilivyokataliwa hutupwa katika sanduku lililopakwa rangi nyekundu na lenye mfuniko, ili mtu aliyechoka asije akakiokota kimoja akakitia mpini. Kisu chenye ufa kwenye ncha kinaweza kukatwa na kuwa kisu kidogo cha kumenyea. Chenye ufa kwenye makali hakina dawa.

Foleni ya grenda

Umeme wa Katanga hutoka hasa kwenye mabwawa ya Mwadingusha na Koni katika mto Lufira, na Nzilo na Nseke katika Lualaba, pamoja na laini ndefu inayotoka Inga. Umeme huo hugombaniwa na migodi, mitambo ya kuchenjua madini na mji mzima. SNEL, shirika la umeme la taifa, linapokata, kiwanda kidogo kinabaki na nyundo, tupa na tanuri. Jambo la kwanza la kupanga ni kugawa kazi zote katika mafungu mawili: zinazotaka umeme na zisizotaka. Kufua, kutuliza, kuzima, kupiga tupa, kukata mbao kwa msumeno wa mkono na kugonga ribiti hufanyika gizani au mchana usio na umeme. Grenda na mashine ya msasa hazina mbadala wa haraka. Umeme ukirudi saa nne usiku, kinachofaa kuwapo mezani ni visu vilivyopita ukaguzi, vimepangwa tayari, na mtu wa zamu.

Tuseme fundi na wasaidizi wawili wanaweza kufua visu kumi kwa siku, na kutia mipini minane, lakini kwa umeme wa saa nne hivi wanasaga sita tu. Kiwanda hicho kinatoa visu sita. Kufua kumi kila siku hakuongezi hata kimoja. Huongeza rundo mbele ya grenda, na visu 30 vinavyongoja maana yake ni kwamba kisu kinachofuliwa leo kitaguswa baada ya siku tano. Rundo hilo huficha kasoro pia. Ikiwa moto ulizidi Jumatatu, na visu vya Jumatatu vinasagwa Jumamosi, kosa limekwisha kurudiwa wiki nzima. Fundi mzuri husimamisha nyundo rundo linapofika idadi iliyowekwa, labda visu 18, na kuwaelekeza wasaidizi kwenye mbao, mkaa au ukaguzi. Mwenye kiwanda huumia kuona nyundo imelala. Azoee.

Oda ya visu arobaini huhesabiwa kwa mtindo huohuo. Daftari likionyesha kwamba katika kila visu vinane kimoja huharibika, vifuliwe 46. Vinne vikikataliwa baada ya moto, 42 huenda kwenye grenda, navyo ni kazi ya siku saba. Mbele yake vipo 18 vya oda nyingine, siku tatu, na katika siku hizo ufuaji wa oda mpya huanza. Jumla ni siku kumi za kusaga. Siku moja katika kila nne ikiwa haina umeme kabisa, siku kumi huwa 14 za kalenda ya kazi. Mipini, gundi na ukaguzi wa mwisho huongeza siku tatu baada ya kisu cha mwisho kutoka kwenye mashine. Kwa wiki ya siku sita, jibu kwa mteja ni wiki tatu. Nambari hizi ni za mfano; za kila kiwanda hutoka katika daftari lake, ambamo huandikwa kila jioni visu vilivyosagwa, vilivyokataliwa na saa za umeme. Mwezi mmoja wa kuandika unatosha kuanza.

Kwenye grenda yenyewe sheria ni moja: kisu kishikwe kwa mkono usio na glavu kwenye bapa, na kichovywe majini kinapoanza kuunguza. Rangi ya buluu ikitokea kwenye makali, ugumu wa mahali hapo umeondoka. Kusugua rangi ili isionekane hakuurudishi, na mteja ataligundua doa hilo akikata nyanya.

Mpini

Mninga na mukula, miti ya misitu ya miombo, hutoa mipini mizuri, na masalio ya maseremala yanatosha bila kukata mti. Adui ni maji yaliyomo ndani ya ubao. Ubao uliokatwa Januari hunywea ukifika Agosti, hewa ya kiangazi inapokuwa kavu, na mpini uliokaa sawasawa huacha pengo kando ya chuma au hupasuka kwenye ribiti. Wateja huita hilo ubovu wa fundi, na hawakosei. Vipande hukatwa kwa ukubwa wa mpini, hupakwa nta au rangi kwenye ncha, hupangwa kwenye kivuli chenye upepo, na kimoja kati yao hupimwa kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao uko tayari. Akiba ya miezi michache iwepo daima.

Gundi ya epoksi iachwe saa 24 kabla ya kusuguliwa. Ile ya dakika tano isitumiwe kwa kisu kitakachooshwa kila siku. Ribiti za shaba hupendeza, lakini waya wa shaba usiojulikana ulikotoka uachwe, kwani wizi wa nyaya ni mojawapo ya sababu za giza lenyewe.

Ukaguzi wa mwisho na ahadi

Oda isianze bila kisu cha mfano kilichokubaliwa na mteja. Kimoja hubaki kiwandani, kimetiwa alama, na urefu wake, uzito na umbo la mpini ndivyo vipimo; tofauti inayoruhusiwa huandikwa, kwa mfano milimita tatu za urefu. Anayekagua asiwe aliyekitengeneza. Mwanafunzi mwenye kisu cha mfano na karatasi ya maswali mafupi hukagua vizuri kuliko bwana fundi anayependa kazi yake.

Makali hunolewa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, kwa msaada wa kabari ya mbao iliyokatwa pembe hiyo. Kisha hukandamizwa kidogo juu ya fimbo ya shaba ya manjano: yakijikunja na kurudi, ni mazuri, yakibaki yamepinda ni laini, yakimeguka ni magumu mno. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8442-5 hupima ukali na udumu wake kwa mashine inayokata karatasi maalumu yenye mchanga wa silika. Kiwanda cha uani hakina mashine hiyo, lakini boksi la katoni lipo kila duka. Kisu kimoja katika kila kumi hukata vipande vya katoni vya urefu uleule, idadi ileile, kisha hujaribiwa kwenye karatasi ya gazeti. Hulala pia ndani ya maji usiku mmoja na kukaushwa, ili mpini useme ukweli wake. Kikishindwa, tisa wenzake nao hujaribiwa kimoja kimoja.

Malipo ya kwanza ya mteja, yawe faranga au dola, hununua chuma, mkaa na mbao za oda yake siku anapolipa. Kiwanda kinachomalizia oda ya jana kwa fedha ya oda ya leo kitachelewesha zote mbili, hata kikiwa na mafundi hodari. Kuchelewa kukitokea, mteja hupigiwa simu mara daftari linapoonyesha upungufu. Huelezwa visu vingapi vimepita ukaguzi, vingapi viko kwenye grenda na tarehe mpya iliyopatikana kwa hesabu, na hupewa nafasi ya kuchukua vilivyo tayari. Mgahawa wenye visu 25 hufungua milango.

Kisu kinachorudishwa hubadilishwa kwanza, ndipo msuka wake hutazamwa. Herufi na namba huandikwa katika ukurasa wa marejesho pamoja na kasoro. Visu viwili vikirudi na herufi moja, vilivyobaki vya springi hiyo hutolewa kwenye rafu, wateja waliovinunua huitwa, na kipande cha springi kilichohifadhiwa huvunjwa upya ili kujua kama lawama ni ya chuma au ya moto.